Umeajiriwa Marekani na una nyumba za kupangisha: IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wanaweza kukukubali kama "mtaalamu wa milki"?

#1 Dereva wa Columbus

Wakuu salaam. Nipo Ohio, naendesha lori, nimeajiriwa kwa W-2 (mshahara wa mwajiri, kodi inakatwa kazini). Mke wangu ni nesi, anachukua shifti za hapa na pale, hana ajira ya kudumu. Tuna nyumba tatu za kupangisha, mbili kati ya hizo ni dupleksi (jengo moja, makazi mawili), na tunazisimamia wenyewe. Kodi ya pango inalipa mkopo na chenji kidogo inabaki, lakini kwenye makaratasi mwaka huu tuna hasara ya kama dola 38,000, sehemu kubwa ni uchakavu, ile thamani ya jengo inayokatwa kidogo kidogo kila mwaka bila pesa kutoka mfukoni.

Anayetutengenezea kodi anasema nijazwe kuwa ni mtaalamu wa milki, hiyo wanayoiita REPS, hasara yote ikatwe kwenye mishahara yetu, turudishiwe pesa ndefu. Jamaa ninayeswali naye kasema nikikubali nimejitia kitanzi mwenyewe. Nani mkweli? Sitaki siasa, nataka wanaojua.

#2 Kijiti

Naweka kiti hapa. Wajuzi waje.

#3 Bepari Mtoto

Mkuu usitishwe na watu wa msikitini, hata wa kanisani wako hivyo hivyo, wanaogopa barua ya IRS kuliko sala inavyowaogopesha. Masharti ni saa 750 kwa mwaka, basi. Hiyo ni kama saa 15 kwa wiki. Una milango mitano ya wapangaji, simu, mafundi, kuzoa takataka, kwenda Home Depot, saa 15 unazimaliza Jumamosi na Jumapili. Jaza, chukua chako.

#4 Karani wa Zamani

Bepari umesoma nusu ya sheria, na hiyo nusu ndiyo inayowaponza watu.

Masharti ni mawili na yote mawili lazima yatimie katika mwaka huohuo. La kwanza, zaidi ya nusu ya saa zote unazofanya kazi ziwe kwenye biashara za milki ambazo unashiriki kikamilifu. La pili ndilo hilo la kupita saa 750. Kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani ni 469(c)(7).

Mtu wa ofisini anayefanya saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwa mwaka. Kwa hiyo anahitaji angalau 2,081 kwenye nyumba zake. Jumla zaidi ya saa 4,160. Mwaka mzima una saa 8,760 ukihesabu na za kulala. Ndiyo maana mwenye ajira ya kutwa akijaza REPS, mkaguzi haanzi kuuliza juu ya nyumba, anaanza kuuliza juu ya ajira.

Dereva, kwako ni kubaya zaidi. Lori lako lina kile kifaa cha kurekodi saa za barabarani, kwa sababu sheria inakubana usizidi saa 70 ndani ya siku 8. Wewe mwenyewe unawatengenezea ushahidi kila unapowasha injini.

#5 Kijiti

Hahahaaa. Lori linatoa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

#6 Bepari Mtoto

Karani, nina rafiki Atlanta ni mtu wa kompyuta, ameajiriwa kabisa, anajaza REPS tangu 2021 na hajaguswa. Hiyo unaielezaje?

#7 Karani wa Zamani

Naieleza kwamba hajakaguliwa. Kutokukaguliwa si sawa na kuwa sahihi.

#8 Mwanahistoria Uchwara

Kwa faida ya wanaoshangaa sheria hii imetoka wapi. Kabla ya 1986, madaktari na wanasheria wa Marekani walikuwa wananunua hisa kwenye majengo ambayo hawajawahi kuyaona, kazi yake ni kutema hasara za kwenye makaratasi, halafu wanafuta mshahara wote. Ukawa mchezo. Sheria ya mageuzi ya kodi ya 1986, enzi za Reagan, ikaleta ukuta: hasara ya shughuli usiyoifanya kwa mikono yako, wanaiita pasivu, haifuti mshahara. Na upangishaji ukatangazwa pasivu moja kwa moja, hata kama unalala kwenye jengo na spana mkononi.

Watu wa majumba wakapiga kelele kwamba wao ndiyo kazi yao, iweje fundi viatu akate hasara yake na mwenye majengo azuiwe? Bunge likawasikia 1993, na kuanzia mwaka wa kodi 1994 ukafunguliwa huu mlango mdogo tunaougombania hapa. Mlango ulijengwa kwa ajili ya mtu ambaye nyumba ndiyo kazi yake. Ukiujua mwanzo wake, utaelewa kwa nini sharti la nusu lipo.

#9 Dereva wa Columbus

Asante Karani na Mwanahistoria. Basi mimi nimetoka. Je, mke wangu? Shifti zake ukizijumlisha ni kama saa elfu moja kwa mwaka, na ndiye anayeshughulika na wapangaji zaidi yangu. Na je, tunaweza kuunganisha saa zangu na zake?

#10 Karani wa Zamani

Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kwenye yale masharti mawili hakuna kuunganisha. Mmoja wenu ayatimize yote mawili peke yake. Akiyatimiza, na mnajaza fomu moja ya kodi kwa pamoja, hasara inafuta mishahara ya wote wawili.

Kuunganisha kunaruhusiwa kwenye swali jingine, la kushiriki kikamilifu kwenye hizo nyumba. Kule saa za mume na mke zinahesabiwa pamoja. Kwa hiyo saa zako za kupaka rangi si za bure, zinasaidia hatua ya pili, ila hazimbebi mkeo kwenye hatua ya kwanza.

Yeye ana saa 1,000 za unesi, anahitaji zaidi ya 1,000 za nyumba.

#11 Nesi wa Minnesota

Dada yangu huyo ana nafasi, mumsikilize. Sisi kwetu ilikuwa kinyume: mimi ndiye niliyebaki na W-2 hospitalini, mume akaacha kazi ya ghala, akachukua leseni ya udalali. Saa zake za udalali zinahesabika, za nyumba zetu zinahesabika, hana kazi nyingine hata moja. Sharti la nusu kalipita akiwa amelala. Mwaka wa kwanza rifandi, pesa ya kodi tuliyorudishiwa, ilikuwa ya kutosha kumalizia paa la nyumba ya pili.

Ila msijidanganye, ile leseni haikuwa pambo ukutani. Alikuwa anauza kweli.

#12 Mama Wawili

Nesi samahani, nyumba zenu mnasimamia wenyewe au mmeweka kampuni? Nauliza kwa sababu mimi nimeambiwa ukiwa na kampuni ya usimamizi umejifuta.

#13 Nesi wa Minnesota

Wenyewe. Tulikuwa na kampuni mwanzoni, tukaitoa.

#14 Zamaradi

Si kweli kwamba kampuni inakufuta. Inakupunguzia kazi za kuhesabu, hilo ndilo tatizo. Lakini naongezea kwenye hoja ya Nesi, maana nimeona wengi wanakimbilia leseni kama hirizi.

Kwanza, ukiwa dalali uliyeajiriwa na kampuni ya mtu kwa W-2, saa zako hazihesabiki mpaka uwe unamiliki zaidi ya asilimia 5 ya hiyo kampuni. Vivyo hivyo msimamizi wa apatimenti aliyeajiriwa, fundi wa ujenzi aliyeajiriwa, na kadhalika. Madalali wengi wa nyumba hawako kwenye W-2, wanajitegemea, ndiyo maana mume wa Nesi alipona.

Pili, dalali wa mikopo ya nyumba si dalali wa nyumba. IRS wameshalisema hilo na mahakama ya kodi imeshaamua hivyo. Kutafutia watu mkopo si udalali wa milki kwa maana ya kifungu hiki.

Tatu, hata ukishapata hadhi kwa udalali, hasara ya nyumba zako haijafunguka bado. Lazima uoneshe kuwa unashiriki kikamilifu kwenye upangishaji wenyewe. Dalali anayeuza nyumba za watu mwaka mzima na zake hazigusi, amefika mlangoni hajaingia.

#15 Mtoto wa Bunju

Kwa hiyo shemeji yangu anayeuza viwanja Kigamboni kwa picha za WhatsApp, kiwanja kimoja watu wanne, naye ni mtaalamu wa milki?

#16 Kijiti

Huyo ni mtaalamu wa milki za wenzie.

#17 Zamaradi

Turudi kwenye uzi jamani.

Dereva, jambo ambalo halijasemwa: sheria inaihesabu kila nyumba kama shughuli yake peke yake. Maana yake ushiriki kikamilifu kwenye nyumba A, halafu tena B, halafu tena C. Kipimo kinachotumika sana ni zaidi ya saa 500 kwa shughuli moja. Nani ana saa 500 kwenye kila nyumba? Hakuna. Dawa yake ni tamko la kuunganisha nyumba zote ziwe shughuli moja, karatasi unayoambatanisha na ritani (fomu ya kodi) ya mwaka huo. Watu wanapata hadhi kihalali kabisa halafu wanapoteza kesi kwa kukosa karatasi hiyo. Uliyesahau kuna utaratibu wa kuomba kuchelewa, Rev. Proc. 2011-34, ila usiutegemee.

#18 Karani wa Zamani

Na upande wa pili wa hilo tamko, maana watu huuza upande mmoja tu. Ukishaunganisha, umeunganisha, linakufunga miaka inayofuata mpaka hali yako ibadilike kwa kiasi kikubwa. Kawaida ukiuza nyumba kwa mtu baki, hasara zake zote zilizozuiliwa miaka ya nyuma zinafunguliwa. Ukiwa umeunganisha, umeuza kipande cha shughuli, siyo shughuli, kwa hiyo zile za zamani zinaweza kuendelea kukaa kifungoni. Mwenye mlima wa hasara za zamani na mpango wa kuuza nyumba moja mwakani afikiri mara mbili.

#19 Bandugu wa Louisville

Bandugu, miye niliitwa na IRS. Siyo hadithi ya mtu. Nilikuwa na daftari la saa zuri sana, limepangwa, kila siku imejaa. Tatizo nililiandika lote baada ya barua kufika. Mkaguzi akaweka daftari langu pembeni ya taimushiti za kazini. Kuna siku nimeandika saa nane za kutengeneza bafu na siku ileile kazini nimefanya shifti mbili. Aliuliza kwa upole kabisa, "Ulikuwa wapi?" Nikalipa kodi, riba, na ile faini ya asilimia 20 juu yake.

Aliyenijazia ile ritani hakuja hata kuniona. Namba yake ya simu ilikufa.

#20 Bepari Mtoto

Pole mkuu. Lakini sheria haisemi lazima uwe na daftari la kila siku. Kanuni zinasema unaweza kuthibitisha kwa njia yoyote ya maana: kalenda, miadi, maelezo ya jumla. Nimeisoma mwenyewe, msitutishe.

#21 Zamaradi

Umesoma vizuri safari hii. Kanuni ndivyo zinavyosema. Mahakama nayo imesema mara nyingi kwamba makadirio ya kichwani yaliyoandikwa baadaye haiyapokei kama ushahidi.

Ziko kesi mbili za kuwekwa pamoja. Moss, 2010: mtu ana kazi ya kutwa kwenye mtambo wa nyuklia na nyumba za kupangisha, akataka saa alizokuwa tayari kuitwa na wapangaji zihesabiwe. Mahakama ikasema kuwa tayari kufanya kazi si kufanya kazi, akashindwa kufika 750. Hailstock, 2016: mama ana nyumba nyingi, hana kazi nyingine yoyote, hana daftari la saa, mahakama ikamwamini kwa maelezo yake. Tofauti yao si daftari tu. Mmoja alikuwa na mwajiri, mwingine hakuwa naye.

#22 Mama Wawili

Hapo kwa Moss ndipo mimi naona uonevu. Mpangaji akinipigia saa nane usiku bomba limepasuka, nimeamka. Kwa nini usiku wangu wa kulala na simu chini ya mto usihesabiwe?

#23 Karani wa Zamani

Dakika ulizoongea na simu, ndiyo. Usingizi, hapana.

#24 Fundi Sanifu

Orodha ya zisizohesabika iwekwe wazi, maana naona watu humu wanahesabu mpaka ndoto. Kuangalia nyumba kwenye tovuti ya Zillow ukiwa kitandani, hapana. Video za YouTube na semina za "uhuru wa kifedha", hapana. Kupitia hesabu za mwezi kama mwekezaji tu, hapana, isipokuwa wewe ndiye unaendesha shughuli za kila siku. Zinazohesabika ni kutafuta wapangaji na kuwachuja, mikataba, kukusanya kodi, matengenezo, kusimamia mafundi, kununua vifaa, kwenda mahakamani kumtoa mpangaji.

Kusafiri kwenda kwenye nyumba, hapo wenye elimu wanabishana. Mimi naandika kwenye safu yake peke yake, nisizitegemee kufika.

#25 Nesi wa Minnesota

Sisi tunaandika kwenye kalenda ya simu siku hiyohiyo, na risiti tunapiga picha. Risiti ya saa nne asubuhi duka la rangi inasema zaidi kuliko maneno yangu.

#26 Mwanahistoria Uchwara

Nimekaa nahesabu ya Dereva. Milango mitano, mke anahitaji zaidi ya saa 1,000. Hiyo ni saa 200 kwa kila mlango kwa mwaka. Mpangaji gani huyo anayehitaji kuhudumiwa saa 200? Anaoshwa miguu?

#27 Dereva wa Columbus

😂 Kuna mmoja anakaribia.

Dupleksi moja tuliinunua ikiwa gofu. Mke ndiye aliyesimama na mafundi miezi kadhaa, yeye na ndugu yake wamebomoa jiko wenyewe. Hiyo inaingia?

#28 Fundi Sanifu

Inaingia. Ujenzi na ukarabati ni miongoni mwa biashara zilizotajwa kwenye kifungu chenyewe, pamoja na uendelezaji, ununuzi, upangishaji, usimamizi na udalali. Mwaka wa gofu ndio mwaka ambao watu wa kawaida hufika 1,000 bila uongo. Tatizo ni mwaka unaofuata, gofu limekuwa nyumba, wapangaji wametulia, saa zinashuka. Hadhi hii haichukuliwi mara moja ikadumu, inapimwa upya kila mwaka.

#29 Pwani Mtupu

Yaani nyinyi wote mnahangaika na REPS na mlango wa uani uko wazi. Airbnb! Wastani wa wageni kukaa ukiwa siku 7 au pungufu, kwa kanuni za kifungu 469 hiyo si shughuli ya kupangisha tena. Kwa hiyo ule ukuta wa 1986 wa "upangishaji ni pasivu" haukuhusu. Huhitaji saa 750, huhitaji nusu, uwe na W-2 usiwe nayo. Unatakiwa kushiriki kikamilifu tu. Dereva, dupleksi moja igeuze.

#30 Zamaradi

Kweli kabisa, lakini malizia sentensi. Kushiriki kikamilifu kwa zaidi ya saa 500, au kwa saa zaidi ya 100 na pasiwe na mtu mwingine anayezidi saa zako. Mtu mwingine ni pamoja na yule dada anayefanya usafi kila mgeni anapotoka. Dereva yuko barabarani, msafishaji ana saa 150, mwenye nyumba 110. Umeanguka. Na miji mingi ina vibali vya kupangisha kwa muda mfupi, uangalie wa kwako kabla hujanunua mashuka.

#31 Pwani Mtupu

Nasafisha mwenyewe. Aibu ya nini?

#32 Hesabu Kali

Wakuu mmerukia juu bila kuuliza la kwanza. Dereva, mapato yenu wawili kabla ya hizi nyumba ni kiasi gani? Kuna ruhusa ya dola 25,000 ya hasara ya kupangisha kwa mtu wa kawaida anayefanya maamuzi kwenye nyumba zake, kuidhinisha wapangaji, kupanga bei. Haihitaji REPS. Ila inaanza kupungua mapato yakifika 100,000 na inakwisha kabisa 150,000.

#33 Dereva wa Columbus

Kama 140,000 tukichanganya.

#34 Hesabu Kali

Basi mmezidi kwa 40,000, ruhusa inapungua kwa nusu ya hiyo, yaani 20,000. Mnabaki na 5,000 ya kukata mwaka huu bila kumdanganya mtu.

Sasa sikiliza. 401(k) ya kawaida, ile akiba ya uzeeni ya kazini, inashusha mapato yanayotumika kwenye kipimo hiki. Kikomo cha 2025 ni 23,500 kwa mtu mmoja aliye chini ya miaka 50. IRA, akiba ya uzeeni unayojifungulia mwenyewe, haisaidii hapa, makato yake yanarudishwa kwenye hesabu. Kwa hiyo ukijaza 401(k) yako yote peke yako, mnashuka mpaka 116,500, ruhusa inakuwa 16,750. Mkeo naye akiwa na mpango kazini kwake, mnaikaribia 25,000 yote. Mimi ningeanza hapo kabla ya kumfanya mke wa mtu apige nyundo saa 1,000.

#35 Bepari Mtoto

Mshahara wote uingie 401(k), watoto wale nini?

#36 Hesabu Kali

Wale kodi ya pango. Si alisema chenji inabaki?

#37 Karani wa Zamani

Na hasara isiyokatwa mwaka huu haipotei. Inaandikwa Fomu 8582, inasubiri. Itafuta faida ya nyumba zenyewe miaka ijayo, au itafunguliwa siku mkiuza. Nawaona watu wanapigana na IRS kwa kitu ambacho ni chao tayari, suala ni lini tu.

#38 Pwani Mtupu

"Lini tu" ndiyo biashara yenyewe, mzee. Dola ya leo ninanunulia nyumba nyingine. Na sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imerudisha uchakavu wa bonasi wa asilimia 100 kwa mali iliyopatikana baada ya Januari 19, 2025. Unaleta mhandisi anaichambua nyumba: majiko, mazulia, uzio, sehemu ya kuegesha magari. Hivyo vyote unavikata mwaka wa kwanza badala ya kusubiri miaka 27 na nusu. Mwenye REPS anavuna, asiye nayo anaangalia.

#39 Karani wa Zamani

Na siku ya kuuza? Uchakavu uliouchukua unarudishwa mezani. Wa jengo unatozwa mpaka asilimia 25, wa majiko na mazulia kwa viwango vya kawaida vya mapato yako. Hujasamehewa kodi, umekopeshwa.

#40 Pwani Mtupu

Mkopo usio na riba. Niongezee mwingine.

#41 Boss wa Plano

Wadau, niko na swali tofauti kidogo. Niko na apartments Nyali, Mombasa, na mimi ni resident wa Texas miaka mingi. Masaa yangu ya kusimamia hizo za nyumbani yanahesabika kwa hii REPS? Na huo uchakavu wa bonus naweza kuchukua?

#42 Zamaradi

Bonasi, hapana. Mali inayotumika nje ya Marekani inachakaa polepole, nyumba ya kuishi watu ni miaka 30 kwa mstari ulionyooka. Kwenye saa, kifungu hakikusema nyumba lazima iwe Marekani, kwa hiyo kazi unayofanya wewe mwenyewe ina hoja. Lakini kama kuna mtu Mombasa anakusanya kodi na wewe unapokea M-Pesa, kazi gani hiyo utakayoiandika kwenye daftari?

Halafu angalia upande wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Ile asilimia 7.5 ya mapato ya pango tangu 2024 ni ya wakazi wa Kenya. Asiye mkazi anatozwa asilimia 30 ya kodi yote ya pango bila kutoa gharama. Unachokilipa kule kina fomu yake ya kukipunguza huku.

#43 Boss wa Plano

Thirty?? Wacha nikae chini kwanza.

#44 Mswahili wa Oakland

Walioko California msifurahie sana. Jimbo halitambui REPS. Federali ikikuruhusu, Sacramento wanakwambia nyumba zako bado pasivu, na bonasi pia hawaitambui. Mnatunza vitabu viwili.

#45 Mama Wawili

Jamani mimi nataka kurudi kwa yule aliyemwambia Dereva ajaze. Analipwaje? Wa kwetu alikuwa anachukua asilimia ya rifandi, na hakusaini ritani kama mtayarishaji.

#46 Dereva wa Columbus

Mmh. Asilimia pia.

#47 Bandugu wa Louisville

Kimbia.

#48 Karani wa Zamani

Anayelipwa kutengeneza ritani lazima asaini na aweke namba yake ya PTIN, namba ya IRS ya kumtambua mtayarishaji. Asiyesaini, anajua kwa nini hasaini.

#49 Bepari Mtoto

Bado nasema mke wa Dereva anaweza. Mwaka wa gofu, apunguze shifti mwakani afike 700, nyumba saa 800, imetoka. Nani anabisha?

#50 Mwanahistoria Uchwara

Mimi nabisha. Apunguze shifti saa 300 za unesi za Ohio ili aokoe kodi ya dola elfu kadhaa? Piga hesabu ya mshahara anaouacha.

#51 Nesi wa Minnesota

Inategemea mwili pia. Kuna manesi wangelipa ili wapunguze shifti.

#52 Dereva wa Columbus

Mke amesoma uzi wote tangu jana. Anauliza kama saa za kunikumbusha mimi kurekebisha geti zinaingia kwenye usimamizi.

#53 Fundi Sanifu

Mara ya kwanza inaingia. Kuanzia ya pili ni ndoa.

#54 Mgeni wa Kansas City

Habari, nimejiunga leo. Mimi nyumba ya kwanza nimenunua Septemba. Hizo 750 zinagawanywa kwa miezi niliyomiliki, yaani nihesabiwe robo?

#55 Zamaradi

Hazigawanywi. 750 ni 750 hata kama umenunua Desemba. Una kazi nyingine?

#56 Mgeni wa Kansas City

Mbili.